Naombeni ushauri: ndoto za mchana zinasaidiaje kutatua tatizo la ubunifu?

MbunifuMpya
Wakuu, habari zenu. Nabuni fanicha na nimekwama kwenye kabati. Mlango una upana wa sentimita 50, lakini kati ya kabati na kitanda pana sentimita 40 tu. Naambiwa niache akili izurure, jibu litakuja. Nikijaribu, naishia kuwaza madeni. Kuna utaratibu wa kufuata au ni porojo? Nina nusu saa kwa siku.

FundiWazo
Si porojo mkuu, ila wengi huanzia katikati. Mwaka 1926 Graham Wallas aligawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, kuatamia (yaani kuliacha tatizo lipumzike akilini), kung'amua na kuhakiki. Ndoto za mchana zinaingia hatua ya pili. Ukiruka ya kwanza, unaatamia kiota kitupu.

Dakika 12 za mwanzo kaa mezani, simu iwe mbali. Chora kabati na kitanda kwa vipimo halisi, andika kila njia inayokujia, hata mbovu, mpaka uone unajirudia. Kisha andika swali moja la kuondoka nalo. Hapa ndipo watu huharibu. "Mlango gani utatosha?" ni swali bovu, limeshakufunga kwenye mlango. Andika hivi: "Vya ndani vitafikiwaje bila kitu chochote kuja mbele zaidi ya sentimita 40?" Sasa pazia limeingia, mlango wa kuteleza umeingia, milango miwili ya sentimita 25 imeingia, hata kabati la kufungukia ubavuni.

Dakika 13 zinazofuata fanya kazi nyepesi ya mikono: kuosha vyombo, kukunja nguo, au tembea njia uliyoizoea. Zilizobaki rudi mezani uandike.

TembeaKwanza
Nyongeza kuhusu kutembea. Mwaka 2014 Oppezzo na Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa watu hutoa mawazo mengi zaidi wakitembea kuliko wakiwa wamekaa, hata wakitembea kwenye mashine ndani ya chumba. Kwenye maswali yenye jibu moja tu hali haikuwa hivyo. Kwa hiyo tembea ukitafuta njia, ila hesabu za bawaba zifanye umekaa. Na usisikilize mazungumzo yoyote njiani, maneno ya watu yatajaza nafasi uliyoitafuta.

BiMakini
Mdogo wangu, hayo madeni ni jambo la kawaida. Mwanasaikolojia Jerome Singer alitenganisha ndoto za mchana zenye kujenga na zile zilizojaa hofu na kujilaumu. Hizo za pili hazizai kitu. Kabla ya kuinuka mezani, andika wasiwasi wako kwenye karatasi ya pembeni, kila mmoja na saa utakayoushughulikia. Deni likirudi njiani usipigane nalo, rudi kwenye picha: mkono wako umeshika kishikio, unavuta, mlango unagonga wapi? Picha hukushika kuliko maneno. Wasiwasi uleule ukikurudia mara tatu, acha kwa siku hiyo.

MpingaPorojo
Msimuuzie mwenzenu muujiza. Utafiti wa Baird na wenzake wa 2012 ulisema kazi nyepesi inayoacha akili izurure huongeza ubunifu. Waliourudia baadaye hawakupata matokeo hayo. Huenda kinachosaidia ni kuliacha tu wazo bovu lililokuganda. Jaribu, ila usilipe jina kubwa.

MbunifuMpya
Asanteni sana. Na usingizi ukininyemelea je?

FundiWazo
Utumie. Utafiti wa Ufaransa wa 2021 uliwapa watu hesabu zenye kanuni iliyofichika. Waliopitia angalau sekunde 15 za usingizi mwepesi wa mwanzo, asilimia 83 waliigundua. Waliobaki macho ni kama asilimia 30. Waliozama zaidi usingizini walishuka hadi asilimia 14. Basi kaa kwenye kiti, usilale kitandani, shika kijiko juu ya sahani. Kikidondoka utaamka. Andika papo hapo, hata maneno nusunusu.

Kuhakiki usikuache. Kata boksi kwa kipimo kamili, libandike mahali pa mlango, kisha simama wewe mwenyewe kwenye hizo sentimita 40 uinamie droo ya chini. Pima na kishikio: cha sentimita 3 kinakuachia njia ya 37 mlango ukiwa umefungwa.