Mama kaambiwa pingili za shingo zimelika, ni mizigo ya kichwani ama ni umri tu?

binti_wa_mpakani
Habarini wapendwa. Mama yangu amepita miaka 60, biashara yake ni hapa Busia tangu sisi tukiwa watoto, mahindi, samaki, jerikeni za maji, vyote vimepita kichwani kwake. Sasa shingo imekaza, akitaka kuangalia nyuma lazima ageuze mwili mzima, na maumivu yanashuka bega la kulia mpaka kwa vidole. Tukapiga eksirei, daktari akasema pingili zimelika na mifupa imeota vijipembe, eti ni uzee, akaandika dawa za maumivu basi tukarudi nyumbani. Jirani anasema ni baridi ya alfajiri sokoni, kaka yangu anasema ni mizigo. Mwenye kujua anisaidie, hii kitu inaletwa na nini hasa? Mdogo wangu naye ameanza kubeba vilevile na mimi roho haitulii.

fizio_wa_jinja
Pole sana dada, na mama mpe pole zake. Baridi tuiweke kando, inakaza misuli na maumivu yanazidi lakini mfupa haiuli. Mambo yanaanzia kwa disiki. Shingo ina pingili 7 na katikati yake kuna disiki laini zinazofanya kazi kama shokabzoba, na kiini cha disiki ya kijana ni maji karibu asilimia 80. Ukiingia miaka ya 30 na 40 hayo maji yanapungua pole pole, disiki inakauka, inakuwa nyembamba, pingili zinakaribiana, viungo vidogo vya nyuma vinabeba uzito ambao havikuzoea, sasa mwili unajitetea kwa kuongeza mfupa pembeni, ndio hivyo vijipembe. Kipembe au disiki iliyofura ikibana neva, yaani mshipa wa fahamu, pale inapotokea, maumivu yanatembea mkononi kama ya mama. Mara nyingi ni sehemu ya chini ya shingo, pingili ya 5, ya 6 na ya 7.

Na disiki ya mtu mzima karibu haina damu yake, inalishwa kidogo kidogo kutoka kwa mfupa wa jirani, ndio maana ikishachakaa hairudi. Sigara inaharibu hata hicho kidogo.

Kwa hiyo daktari hajakosea kusema umri, watu wengi wenye miaka zaidi ya 60 ukiwapiga eksirei utaona hayo hayo na wengine hawaumwi kabisa. Lakini kusema umri tu halafu kunyamaza, hapo sikubali. Kichwa chenyewe ni kilo 4 au 5, jerikeni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, zote zinakaa juu ya shingo hiyo moja. Kaka yako ana hoja.

fundi_rangi_kla
Naongezea hapo kwa kazi, si mizigo peke yake. Sisi tunaopaka dari shingo inakaa imekunjwa nyuma kutwa, na wazee walionifundisha kazi karibu wote wanalalamika shingo. Halafu dada muulize mama kama aliwahi kuanguka au kupata ajali hata ya zamani, mimi niliambiwa shingo iliyoumia inachakaa mapema.

mwl_arua
Na ukoo je? Kwetu babu, baba, sasa shangazi, wote shingo. Na hizi simu tunazoinamia?

fizio_wa_jinja
Mwalimu, ukoo unahusika, kuna familia ambazo disiki zao zinachoka mapema hata bila kazi nzito. Simu inachosha misuli na maumivu yake ni ya kweli, ila kwamba ndiyo inakula pingili hiyo haijathibitishwa, inua simu karibu na macho na ubadilishe mkao. Fundi umesema kweli kuhusu ajali.

binti_wa_mpakani
Asanteni sana, Mungu awabariki. Sasa siku hizi mama anaangusha vikombe, vifungo vya nguo vinamshinda, na akitembea anasema miguu ni mizito. Kuna mzee hapa anavuta watu shingo, nimpeleke?

fizio_wa_jinja
Dada HAPANA, asivutwe wala kukandwa shingo na mtu yeyote. Mikono kukosa ustadi na miguu kuwa mizito inaweza kuwa uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, unabanwa, hiyo si ya kumeza vidonge ukangoja. Mpeleke hospitali ya rufaa wiki hii, mwambie daktari maneno hayo hayo uliyoandika hapa, vikombe, vifungo, miguu, na uulize kuhusu MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hadi neva, kwa sababu eksirei inaonyesha mfupa lakini uti wenyewe hauonekani. Mkojo ukianza kumtoka bila kujua au miguu ikilegea ghafla, usingoje asubuhi. Mizigo ya kichwani asimamishe leo. Na mdogo wako atafute toroli, au mzigo augawe mara mbili.

binti_wa_mpakani
Nimeelewa, kesho alfajiri tunaondoka naye.