Windows na Linux kwenye laptopu moja: diski moja, diski mbili, au Linux ndani ya Windows?

Mhasibu_Moro
Wakuu, habari za jioni. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na SSD moja ya GB 256. Mchana natumia Windows 11, maana programu ya uhasibu ya ofisini haina toleo la Linux. Usiku nawasha Ubuntu 24.04 (aina ya Linux) kujifunza Python na kuendesha seva. Mifumo yote miwili imo kwenye diski hiyo hiyo.

Sasa kuhama kumekuwa kero. Kila nikitoka Ubuntu, saa ya Windows inarudi nyuma saa tatu, na ankara zinatoka na muda usio sahihi. Nikiwa Ubuntu, patisheni ya D (sehemu ya diski ninayowekea faili) inafunguka lakini hainiruhusu kuhifadhi kitu. Tangu juzi hata ile menyu ya kuchagua mfumo haitokei, inaingia Windows moja kwa moja.

Nashauriwa mambo matatu tofauti: nirekebishe hapa hapa, niongeze diski ya pili, au nifute Ubuntu niweke Linux ndani ya Windows. Mnaotumia, kipi kinadumu?

Fundi_Chumbageni
Mkuu, kabla hujagusa BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla mfumo haujawaka), hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski. Ni tarakimu 48, na laptopu nyingi za Windows 11 huja na ulinzi huo umewashwa hata kama mwenye mashine hana habari. Ukigusa Secure Boot (ukaguzi wa kinachowashwa) au mpangilio wa kuwaka, Windows inaweza kukudai ufunguo palepale. Usipokuwa nao, kazi za ofisi ndiyo basi. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, uunakili kwenye karatasi. Mengine yote yanarekebishika, hilo halina dawa.

Menyu mara nyingi haijafutika. Kompyuta ya UEFI (BIOS ya kisasa) ina orodha ya vianzishi, yaani programu zinazowasha kila mfumo, na baada ya sasisho kubwa Windows Boot Manager inaweza kujikuta juu ya orodha. Zima, kisha wakati wa kuwasha bonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo, Esc halafu F9 kama ni HP. Ukiona ubuntu, ichague. Ikiwaka, fungua terminali uandike sudo efibootmgr, utaona kila kianzishi na namba yake. Tuseme ubuntu ni 0003 na Windows ni 0000, basi andika sudo efibootmgr -o 0003,0000 na namba nyingine zifuate nyuma.

Menyu ikirudi lakini Windows haimo, ujue GRUB (kianzishi cha Ubuntu kinacholeta menyu hiyo) tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021 haitafuti mifumo mingine mpaka uiruhusu. Kwenye /etc/default/grub weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha sudo update-grub.

Mwana_Maskati
Assalaam aleikum. Huku kwetu Oman saa hiyo ya Windows hukosea kwa saa nne, Afrika Mashariki tatu, Kigali na Lubumbashi mbili. Ni ile tofauti ya kila mji na UTC, saa ya pamoja ya dunia. Ndani ya kompyuta mna saa moja tu inayotembea kwa betri. Windows huiandika kwa saa za mahali ulipo, Linux huiandika kwa UTC, na kila mmoja anaamini mwenzake ameandika kama yeye. Ndiyo maana saa nane mchana Windows inakuonyesha saa tano asubuhi.

Ukiwa Ubuntu andika timedatectl set-local-rtc 1. Itakupa onyo, nalo linawahusu hasa wanaosogeza saa majira yakibadilika. Tanzania haifanyi hivyo wala Oman, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ndugu mlioko Ulaya, nyinyi rekebisheni upande wa Windows, kwenye sajili (Registry), kwa kuweka RealTimeIsUniversal iwe 1.

Jabali_Kisumu
Hiyo D ni kazi ya Fast Startup, iliyoanza na Windows 8. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimiki kabisa: kiini chake kinahifadhiwa kwenye faili ya hiberfil.sys ili kesho iwake upesi, na patisheni zake zinabaki kama bado ziko mikononi mwake. Linux ikiona alama hiyo inakataa kuandika, na inafanya vyema. Tafadhali usifuate wale wanaokuambia ulazimishe. Faili zinaweza kuharibika, na hizo ni hesabu za watu.

Nenda Control Panel, sehemu ya umeme, uondoe tiki ya Fast Startup. Kwa haraka ya leo, ukitaka kuhamia Ubuntu chagua Restart badala ya Shut down, kwa sababu Restart huzima kikweli.

Dada_Seva
Mimi nitatofautiana nanyi kidogo. Python na seva hazihitaji kuwasha kompyuta upya kila jioni. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika wsl --install, utapata Ubuntu ndani ya Windows (ndiyo WSL), na ankara ziko wazi dirisha la pili. Hakuna menyu ya kupotea wala saa ya kugombana.

Angalia mambo mawili. WSL kwa kawaida inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM, na kwako nusu ni GB 4, kwa hiyo kwenye faili ya .wslconfig weka memory=3GB. Na kazi zako zihifadhi kwenye /home, si /mnt/c, maana kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kunapunguza kasi sana. VirtualBox (programu ya kuigiza kompyuta nyingine ndani ya yako) yenye Ubuntu kamili kwa GB 8 sikushauri, pande zote mbili zitalemewa.

Fundi_Chumbageni
Dada Seva, kwa kazi zake nakubali. Ila anayetaka Linux ibaki hai siku Windows ikigoma, diski mbili ndizo jibu, kwa kuwa kila mfumo unakuwa na kianzishi chake. Tatizo ni kwamba laptopu nyingi nyembamba zina nafasi moja tu ya M.2, pa kuchomeka SSD ya ndani. SSD ya nje ya USB inafaa, lakini wakati wa kusakinisha zima kwanza diski ya ndani kupitia BIOS, la sivyo GRUB inaweza kuandikwa huko ndani, nawe utadhani umetenganisha.

Mhasibu_Moro
Asanteni sana. F9 imekubali, mpangilio umekaa, saa iko sawa, na D inapokea faili. Hata hivyo naenda WSL, nahitaji ankara na Python kwa pamoja. Nikifuta Ubuntu nafasi yake inarudije?

Fundi_Chumbageni
Usianze na kufuta. Nakili kazi zako, kisha kwenye BIOS pandisha Windows Boot Manager juu na uhakikishe inawaka bila kukupitisha GRUB. Ndipo uingie Disk Management, ufute patisheni ya Linux peke yake. Ile ndogo ya EFI, yenye vianzishi, iache, Windows inaitegemea. Kuongeza C kutakubali tu kama nafasi tupu iko mara tu baada yake. D ikiwa katikati, fanya hiyo nafasi patisheni mpya. Na kama GRUB bado itatangulia ukwame kwenye maandishi ya grub>, hujapoteza kitu: F9, Windows Boot Manager, endelea.