Tupeane uzoefu: kuirudishia miguu nguvu baada ya safari ndefu ya baiskeli ya mlimani

Cheni Kavu
Wakuu, kila wikendi hapa Uganda watu wanapanda Sipi, kwenye mlima Elgon, au wanazunguka msitu wa Mabira, halafu Jumatatu ngazi za ofisini zinawashinda. Tupeane uzoefu wa kurudisha miguu. Hadithi za nani alimwacha nani kilimani zikae uzi mwingine. Hapa tunataka vipimo: kiasi gani, baada ya muda gani, na kwa nini.

Pedali Nyepesi
Kazi inaanza kabla hujashuka kwenye baiskeli. Dakika 10 hadi 15 za mwisho weka gia nyepesi, zungusha mara 80 hadi 90 kwa dakika bila kusukuma. Ukisimama ghafla baada ya kilima, damu inabaki miguuni na ndiyo maana wengine huona kizunguzungu.

Halafu tuache kuisingizia tindikali ya laktiki. Hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanayokuja kesho yake na kuwa makali kati ya saa 24 na 72 yanatokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, na zinachanika zaidi pale msuli unapokaza huku unavutwa. Kupanda kunachosha, lakini hakuchani sana. Kinachochana ni kushuka: umesimama kwenye pedali, magoti yamekunjwa, kila shimo linapokelewa na mapaja. Au unashuka kwa miguu kwenye tope huku umeizuia baiskeli isikuponyoke.

Kwa hiyo kwenye mteremko kama ule wa Sipi kwenda Muyembe, badilisha mguu wa mbele kila dakika mbili tatu, teremsha visigino, na sehemu nyoofu kaa uzungushe pedali hata kama hazina mzigo.

Nyabo wa Chapati
Chakula ndani ya saa ya kwanza, hasa kama kesho unaendesha tena. Kipimo ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako, na uendelee hivyo kila saa kwa saa tatu nne. Mtu wa kilo 70 anapata kiasi hicho kwenye chapati moja kubwa na bogoya (ndizi mbivu) moja. Ukishatulia, matoke au posho (ugali). Kujaza upya akiba ya wanga kwenye misuli huchukua kama siku nzima, kwa hiyo sahani moja ya usiku haitoshi.

Protini: gramu 20 hadi 30 kwa mlo. Yai moja lina gramu 6 hivi, maziwa nusu lita kama 16. Rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya mayai matatu inamaliza hesabu, ndiyo sababu siiti chakula cha wavivu. Binyebwa (mchuzi wa karanga) ni tamu lakini mafuta yake hukaa tumboni muda mrefu. Iache hadi mlo wa pili.

Maji: jipime kabla na baada ya safari. Kila kilo moja iliyopungua, kunywa lita moja na nusu, polepole kwa saa mbili hadi nne. Usijaze maji matupu. Chumvi imetoka na jasho, na maji mengi bila chumvi yanaizimua iliyobaki kwenye damu: kichwa kinauma, unatapika, na unadhani ni kiu. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, vinatosha kabisa. Chumvi isizidi hapo.

Mguu Baridi
Maji baridi yanapunguza maumivu: nyuzi joto 10 hadi 15 za Selsiasi, dakika 10 hadi 15, mpaka katikati ya mapaja. Ila ukiwa kwenye mazoezi ya kujenga nguvu usifanye kila mara, maana baridi inapunguza pia kukua kwa msuli.

Na jamani, msiende kuloweka miguu pembezoni mwa Ziwa Victoria. Kuna kichocho pale. Vijidudu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi hata isiyo na kidonda. Tumia pipa la maji ya bomba na barafu ya muuza samaki.

Fundi Spoki
Mnatibu miguu wakati ugonjwa uko kwenye baiskeli. Baiskeli nyingi za mtumba zina siti iliyoshushwa mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ya chini: mguu unyooke kabisa. Ukirudisha wayo mahali pake goti linabaki na mkunjo kidogo. Siti ikiwa chini, paja la mbele linaungua na goti linauma kwa mbele. Ikiwa juu mno, nyonga zinayumba na maumivu yanahamia nyuma ya goti.

Kisha inua gurudumu ulizungushe. Likisimama haraka, breki inagusa, na umekuwa ukiivuta kilima kizima. Msimu wa mvua tope la murram hujaa kati ya tairi na fremu, matokeo ni yale yale. Upepo usijaze mpaka tairi liwe jiwe. Mtikisiko wote unaishia miguuni.

Cheni Kavu
Na massage? Na wale wa kumeza dawa ya maumivu, diklofenaki, kabla hata ya kuoga?

Nyabo wa Chapati
Massage nyepesi, dakika 5 hadi 10 kila mguu, kutoka kifundoni kuelekea nyonga. Moo yaa (mafuta ya shea) ya Lango au Acholi, kaskazini, inateleza vizuri. Kijiti cha kusukumia chapati kinafaa kwenye vigimbi, lakini usipite juu ya goti wala mfupa.

Diklofenaki na ibuprofeni mwili ukiwa umekauka zinaumiza figo. Kunywa maji kwanza, kula, ukojoe mkojo wa njano hafifu, ndipo ufikirie dawa. Mkojo ukiwa mweusi kama kola na misuli imevimba, ni hospitali usiku huo huo. Vilevile kigimbi kimoja tu kikivimba, kiwe cha moto na kuuma: huenda ni damu iliyoganda, na hapo massage ni marufuku.

Pedali Nyepesi
Mnaorudi Kampala kutoka Mbale kwa gari, shukeni kila baada ya saa moja mtembee dakika tano. Saa nne au tano za kukaa magoti yamekunjwa zinakaza miguu kuliko kilima chenyewe. Kesho yake dakika 30 hadi 45 kwenye tambarare, mwendo wa kuzungumza bila kuhema. Walio Mbale wana barabara ya Kumi. Wa Kampala, banange, itabidi mpeleke baiskeli Entebbe.