Je, joto hutoka kwenye kitu chenye joto jingi kwenda kwenye chenye joto kidogo?

Mkulima, Kongwa

Habari za leo, ndugu zangu. Kijana wangu wa kidato cha pili aliandika kwamba joto hutoka kwenye kitu chenye joto jingi kwenda kwenye chenye joto kidogo, naye mwalimu wake akamkosesha. Mimi niliona ameandika sawa. Tena, asubuhi za Julai huku kwetu, jembe lililolala nje huwa na chuma baridi kali ilhali mpini wake hauna neno. Iweje, nao wamelala mahali pamoja? Naomba ufafanuzi ili nimsaidie mtoto.

Mwalimu wa fizikia, Dodoma Mjini

Ndugu, mwalimu yuko sahihi, kwa kuwa kinachoamua joto lielekee wapi ni jotoridi, yaani kile kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto, si wingi wa joto lililomo. Chukua msumari wa gramu 10 uliopashwa kwenye mkaa hadi nyuzijoto 500, uutumbukize katika ndoo ya lita 10 za maji ya nyuzijoto 20. Kilo moja ya maji huhitaji jouli (kipimo cha wingi wa joto) 4,200 hivi ili ipande nyuzi moja. Kilo ya chuma huhitaji takriban 450 tu. Ukipiga hesabu, msumari ukipoa hadi nyuzi 0 hutoa jouli 2,250 hivi, wakati maji yale yakipoa hadi hapohapo hutoa jouli 840,000. Maji ndiyo yenye joto jingi, kwa mbali sana, na bado joto hutoka kwenye msumari likaingia majini, hadi jotoridi zao zilingane. Maji yenyewe hayatapanda hata kwa sehemu ya kumi ya nyuzi moja.

Mweleze kijana afikirie mapipa mawili yaliyounganishwa kwa bomba chini: maji hufuata tofauti ya kimo, hata kama pipa pana lenye kimo kifupi lina lita nyingi zaidi. Asivunjike moyo, tofauti hii ilihitaji wataalamu kama Joseph Black, katika karne ya 18, ndipo ikaeleweka vizuri.

Fundi wa kuchomelea, Chamwino

Kuhusu jembe: kulipopambazuka, chuma na mpini vilikuwa na jotoridi ileile, na kipimajoto kikibanwa vizuri kwenye kila kimoja kitathibitisha hilo. Mkono wako ndio ulio na jotoridi ya juu kuliko vyote viwili, kwa hiyo joto linatoka kwako. Ila chuma hulipitisha mara mamia kuliko mbao, na ngozi huhisi kasi ya joto linaloiacha. Jembe likianikwa kwenye jua la Oktoba hadi jotoridi yake ipite ya mkono, joto hugeuka njia, na chuma kilekile ndicho kinachounguza kwanza.

Mkulima, Kongwa

Nashukuru sana. Je, ukubwa wa tofauti nao una kazi, au ni mwelekeo tu?

Mwalimu wa fizikia, Dodoma Mjini

Una kazi kubwa. Tofauti ya jotoridi kati ya pande mbili za ukuta ikiongezeka maradufu, joto linalopita katika ukuta huo kwa kila sekunde nalo huongezeka maradufu. Unene hufanya kinyume chake, na ndiyo maana paa la udongo la tembe za Wagogo huchelewesha joto la mchana, wakati bati jembamba hulipitisha papo hapo.