Mrejesho: mtoto njiti na dawa ya kuzuia damu kuvuja kwenye ubongo

Wakuu, niliuliza kama kichanga wa dada yangu, njiti wa wiki 28 hapa Mbeya, apewe indomethasini mapema ili damu isivuje kwenye ubongo. Daktari kasema hapana, na nimemwelewa. Dawa hiyo hupunguza uvujaji mkubwa, ila utafiti uliotoka 2001, uliofuatilia watoto hadi miezi 18, haukuona tofauti kwenye vifo wala ulemavu. Kinga yenyewe dada alishaipata: sindano za deksamethasoni kabla ya kujifungua. Ultrasaundi wamempima utosini, pale panapodunda. Safi! Siku 3 za kwanza, ndizo za hatari zaidi, zimepita. Sasa ni kangaruu tu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi apate joto, na baridi hii ya Mbeya mnaijua. Hata bibi anashika zamu kifuani. Maziwa yanakamuliwa, anapewa kwa mpira mwembamba unaofika tumboni.