Mjadala: Je, ilikuwa haki Erich Honecker kuachiwa huru mwaka 1993?

Kisima: Ndugu zangu, Honecker, mkuu wa nchi ya Ujerumani Mashariki tangu 1976 hadi 1989, alipandishwa kizimbani Berlin mnamo Novemba 1992 kwa vifo vya watu waliouawa mpakani wakijaribu kukimbia. Januari 1993 mahakama ya katiba ya Berlin ikaamua kwamba kuendelea kumshtaki mtu mwenye saratani ya ini, ambaye asingeishi hadi siku ya hukumu, ni kuvunja utu wake. Akapanda ndege kwenda Chile, huku vijana waliotumwa kufyatua risasi wakitiwa hatiani. Mimi nasema mahakama ilikosea. Tena ndugu zetu wa Zanzibar wasituletee hapa habari za maghorofa waliyojengewa na Ujerumani Mashariki.

Mwana wa Ng'ambo: Ulichotutajia maghorofa ni nini, kama hukutaka tuseme? Nyumba za Kilimani na Kikwajuni zilianza kujengwa enzi za Ulbricht, aliyemtangulia Honecker. Honecker alishika uongozi wa chama tawala mwaka 1971. Soma kwanza, ndipo utukebehi.

Mzee wa Zamani: Mnamwona jambazi tu. Wanazi walimkamata mwaka 1935, wakamhukumu kifungo cha miaka 10, akatoka 1945. Na mwaka 1987 Kohl mwenyewe, kansela wa Ujerumani Magharibi, alimpokea Bonn kwa bendera na wimbo wa taifa. Alikuwa muuaji tangu lini?

Kisima: Tangu 1961, Mzee wangu, aliposimamia ujenzi wa Ukuta wa Berlin. Aliyeonja jela ya Wanazi ndiye angekuwa wa mwisho kuwafungia wenzake nchi nzima.

Binti Mchungaji: Mnasahau kwamba Januari 1990, alipokosa pa kulala, aliyempokea ni mchungaji Uwe Holmer wa Lobetal, ambaye watoto wake kadhaa walinyimwa nafasi ya masomo ya juu wakati Margot, mke wa Honecker, akiwa waziri wa elimu. Watu waliandamana nje ya nyumba yake, naye hakuwafukuza wageni wake. Kama yeye aliweza, nyinyi mnadai nini?

Kisima: Dada, Holmer alisamehe yaliyowapata wanawe. Kijana wa miaka 20 aliyepigwa risasi ukutani Februari 1989 alikuwa na mama yake, naye hakuulizwa.

Mzee wa Zamani: Krenz, aliyemrithi Honecker, alihukumiwa miaka sita na nusu mwaka 1997. Huyo naye hakutoshi?