Wikiendi ya kupanda mabega ya milima na kushuka siku hiyo hiyo: tupeane uzoefu

Wakuu, uzi huu ni kwa ajili yetu tusio na likizo ya wiki nzima wala hela ya kwenda Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ila Jumamosi na Jumapili tunazo. Nazungumzia kupanda hadi kwenye mabega ya milima, kule njia inakovukia upande wa pili, kisha unashuka kabla giza halijaingia. Wengi wanaamini kwamba bila kilele hujapanda. Sikubaliani hata kidogo. Ukifika begani unaona nchi pande zote mbili, na hakuna hema la kubeba.

Naanza na Nyanda za Juu Kusini. Pale Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, inaanza njia ya kupanda Matamba ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Wengi hupita na gari huku wamefumba macho kwa hofu. Sisi gari tunaliacha chini, tunaanza kutembea alfajiri kwa sababu Chimala jua likishatoka ni joto kali. Kadiri unavyozimaliza kona, tambarare ya Usangu na mashamba yake ya mpunga inazidi kutanuka chini yako. Ukifika juu umeshavaa sweta, na mashamba ni ya viazi.

Tunalala Matamba, Jumapili tunaingia Kitulo. Hifadhi hii ilitangazwa 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Mlima Mtorwi uliomo humo una mita 2,961, na ukiwa kwenye nyasi za uwandani huoni mti wa kukukinga na upepo. Maua yanachanua kati ya Desemba na Aprili, miezi ile ile ya mvua, kwa hiyo ukitaka okidi kubali matope. Na jamani, msichimbe wala kung'oa kitu. Viazi vya okidi vimechimbwa mno kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na okidi ikishachimbwa kiazi chake haichipui tena.

Karibuni, kila mtu na mlima wake.

Mdau wa Nairobi
Kwetu ni Aberdare, ule mlima wa Elephant Hill. Tunatoka mjini bado giza, tunafika kituo cha msitu cha Njabini, tunachukua askari wa misitu na kuanza. Kwanza ni mianzi, na ndani ya mianzi ni tope linalovua watu viatu. Ukitoka hapo unakutana na mahali palipobatizwa Point of Despair, yaani mahali pa kukata tamaa, na wengi hukalia mawe pale wakasema inatosha. Siwalaumu. Nairobi iko kama mita 1,700, na huko juu unapita 3,500, yote kabla ya chakula cha mchana. Kukiwa kweupe unaona bwawa la Sasumua na Kinangop yote mpaka Naivasha.

Kundi letu lina sheria moja: saa saba mchana tunageuka, popote tulipo. Huku jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na kushuka kwenye mianzi usiku na tochi ya simu ni hatari tupu. Wageni hununa mara ya kwanza. Tunawaacha wanune.

Mdau wa Dar
Mimi naishi usawa wa bahari. Nikipanda basi Ijumaa, Jumamosi naweza kupanda wapi bila kuumwa kichwa?

Mdau wa Moshi
Ndugu yangu, njoo Marangu, kwenye Kilimanjaro. Kutoka getini hadi kibanda cha Mandara, mita 2,720, ni msitu mtupu, mbega wakiwa juu yako, na wanaoenda na kurudi siku moja wanaruhusiwa. Ukifika, usikae kibandani. Ongeza mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi, ukiwahi kabla ya mawingu, kilele cha Mawenzi utakiona. Kibanda kinachofuata, Horombo, mita 3,720, usikitamani kwa siku moja. Kwenye mita 3,500 kila pumzi inakupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni uliyoizoea Dar. Kichwa kikianza kugonga na chakula kinarudi, dawa ni kushuka, usibembelezwe kupumzika kwanza uendelee.

Mdau wa Arusha
Na Meru msiisahau. Kibanda cha Miriakamba kiko kama mita 2,500. Lazima utembee na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, kwa hiyo kaa na kundi.

Mdau wa Maskati
Sisi huku Oman tuna milima ya Jabal Akhdar. Njia za zamani za punda bado zipo, zinapanda toka mabondeni hadi vijiji vya Saiq, kama mita 2,000. Mwezi wa nne ni mavuno ya mawaridi. Gari lisilo la magurudumu manne polisi wanalirudisha Birkat al-Mawz. Maji beba mwenyewe ya kutosha, kivuli hakuna.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Mdau wa Dar, Mandara chukua koti la mvua hata kama Moshi mjini kunawaka jua, maana ule msitu unanyesha kwa ratiba yake. Aliyewahi kupita njia ya miguu kutoka Kitulo kuvuka milima ya Livingstone hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa, tunamsubiri hapa: maji mnayapata wapi njiani?